Chungu kimoja, sahani mbili: Mzazi apungue, mtoto akue

Babati. Katika nyumba nyingi za Bagara, hapa mjini Babati, chakula cha jioni hutoka jikoni kikiwa kimoja. Ugali ni mmoja, maharage ni yale yale, mboga ni ile ile. Baba anakula, mama anakula, wanafunzi wanakula, na mdogo wa mwaka mmoja na nusu anamegewa pembeni.

Tatizo ni kwamba miili iliyozunguka chungu hicho haina mahitaji sawa. Mama ana miaka 38, sketi zinambana na kliniki amekwishaambiwa apunguze uzito kwa sababu presha imeanza kupanda. Mtoto wake mdogo, kwa upande mwingine, mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala badala ya kupanda.

Mama akiamua "kufunga diet" kwa kula kidogo kidogo, njaa inamshinda kabla ya wiki kwisha. Akiamua nyumba nzima ile kama yeye, mtoto anaumia. Lakini ipo njia inayowafaa wote wawili bila kupika mara mbili. Msingi wake ni jambo moja: kujua chakula kipi kinabeba kalori nyingi ndani ya tonge dogo na kipi kinabeba kalori chache ndani ya sahani iliyojaa.

Tatizo si la wachache

Anayedhani unene ni habari ya Dar es Salaam pekee aangalie takwimu. Utafiti wa afya ya watu wa Tanzania wa mwaka 1991-92 ulionyesha kuwa asilimia 11 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti kama huo wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28, yaani zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne.

Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban asilimia 26 wana uzito uliozidi na karibu idadi kama hiyo wana shinikizo la juu la damu. Katika utafiti huo huo, takriban asilimia 97 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachoshauriwa.

Wakati huo huo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mambo haya mawili yanaishi kwenye taifa moja, mtaa mmoja, na wakati mwingine kwenye nyumba moja. Ndiyo maana ushauri wa kupunguza uzito uliokatwa kwenye simu na kuletwa mezani bila kufikiria watoto unaweza kuleta madhara.

Kalori zinajificha wapi?

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unapata kwenye chakula. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga, sukari au protini ina kalori 4. Maji hayana kalori hata moja, na nyuzinyuzi, yale makapi ya mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa, zina chache sana.

Kwa hiyo chakula chenye maji mengi na nyuzinyuzi ni chepesi kwa kalori, hata kikijaza sahani. Chakula kikavu, chenye mafuta au sukari, ni kizito kwa kalori hata kikiwa kidogo mkononi.

Angalia mifano ya gramu 100 za kila chakula, ambacho ni kiasi cha kama kiganja kimoja kilichojaa. Namba ni za wastani, kwa sababu ugali wa huyu si ugali wa yule:

• Tango: kalori 15
• Nyanya: 18
• Mchicha na kabichi: kati ya 23 na 25
• Boga: 26
• Tikiti maji: 30
• Papai: 40
• Chungwa: 47
• Embe: 60
• Maziwa na mtindi: takriban 60
• Viazi mviringo vya kuchemsha: 87
• Ugali: takriban 120
• Maharage au mbaazi za kuchemsha: kati ya 120 na 130
• Wali: 130
• Parachichi: 160
• Mkate: 265
• Chapati: takriban 300
• Chipsi: takriban 300
• Sukari: karibu 400
• Karanga: 567
• Mafuta ya kupikia: karibu 900

Soma tena mistari ya viazi. Kiazi kile kile kilichotoka shambani kina kalori 87 kikichemshwa, na takriban 300 kikitoka kwenye karai la chipsi. Kiazi hakijabadilika. Maji yametoka, mafuta yameingia.

Ugali na chapati ni hivyo hivyo. Vyote ni unga, lakini ugali umepikwa na maji mengi wakati chapati imekandwa na mafuta na kukaangwa. Kwa kalori za chapati mbili za gramu 100 kila moja, ungeweza kula nusu kilo ya ugali.

Tumbo linahesabu ujazo

Kwa nini jambo hili lina maana kwa anayetaka kupungua? Kwa sababu tumbo halina kikokotoo cha kalori. Shibe inatokana na mambo mengi, lakini mojawapo kubwa ni ujazo: tumbo linatanuka, ubongo unapata taarifa, mkono unaacha kumega.

Mtafiti Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1999, yeye na wenzake waliwapa wanawake 24 chakula cha kuku, wali na mboga kabla ya mlo wa mchana. Siku moja kilikuwa kikavu, siku nyingine kikavu pamoja na glasi ya maji pembeni, siku nyingine maji yale yale yalipikwa ndani ya chakula kikawa supu.

Supu ndiyo iliyopunguza kalori walizokula kwenye mlo uliofuata, kwa takriban robo. Glasi ya maji pembeni haikufanya kazi hiyo. Maana yake kwa jiko letu ni kwamba maji yanashibisha zaidi yakiwa ndani ya chakula: ndani ya supu, ndani ya mchicha, ndani ya papai.

Mwaka 2007 kundi hilo lilichapisha utafiti mwingine uliohusu wanawake wenye unene uliokithiri waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kundi la kwanza liliambiwa lipunguze mafuta. La pili liliambiwa lipunguze mafuta na kuongeza mboga na matunda. Hakuna kundi lililopewa idadi ya kalori za kuhesabu. Yote yalipungua, lakini la pili lilipungua wastani wa kilo 7.9 dhidi ya kilo 6.4 za la kwanza. Waliokula mboga nyingi walisema pia kuwa walisikia njaa kidogo zaidi.

Hilo la njaa ni muhimu. Wengi wanaoanza kupunguza kula hawashindwi kwa uvivu. Wanashindwa kwa sababu saa nne usiku tumbo linaunguruma na maandazi ya kesho asubuhi yako kwenye kabati.

Tufanye hesabu ya sahani

Chukua mfano wa sahani ya jioni ambayo mtu mzima wa hapa kwetu hataiona ngeni:

• Ugali gramu 500: kalori 600
• Maharage gramu 150: kalori 190
• Mboga ya majani gramu 80: kalori 20
• Mafuta ya kuungia, vijiko viwili vya chakula: kalori 240

Jumla ni kalori 1,050. Chakula chote kina uzito wa takriban gramu 757.

Sasa chungu kile kile, ila kipakuliwe na kuungwa tofauti:

• Ugali gramu 250: kalori 300
• Maharage gramu 150: kalori 190
• Mboga ya majani gramu 250: kalori 60
• Mafuta, kijiko kimoja cha chakula: kalori 120
• Kachumbari ya nyanya, tango na kitunguu gramu 120: kalori 25
• Kipande cha papai gramu 150: kalori 60

Jumla ni kalori 755, na uzito wa chakula ni takriban gramu 933. Yaani sahani imeongezeka uzito kwa zaidi ya gramu 170, lakini kalori zimepungua karibu 300. Huyu hajalala njaa. Amekula zaidi ya jana.

Maharage hayakuguswa, na kwa makusudi. Protini na nyuzinyuzi zake zinakaa tumboni muda mrefu. Anayepunguza uzito akiondoa maharage, mbaazi, samaki na mayai kisha akabaki na mboga tupu, njaa itarudi baada ya saa moja na misuli itadhoofika.

Mboga isiwe ya kusukumia ugali

Kwa Kiswahili chetu tunauliza, "Leo mboga ni nini?" na jibu linaweza kuwa nyama, dagaa au maharage. Mboga ni kile kinachosukuma ugali. Mazoea hayo ndiyo yanayofanya majani yawe vijiko vitatu pembeni ya mlima mweupe.

Kwa mzazi anayetaka kupungua, geuza utaratibu. Pakua mboga kwanza, ijaze nusu ya sahani. Maharage, samaki au nyama vichukue robo. Ugali au wali uchukue robo iliyobaki, kiasi cha ngumi yako moja au moja na nusu. Anza kula mboga na kachumbari, ndipo umege ugali.

Wenye desturi ya kula pamoja kwenye sinia watapata shida kidogo, kwa kuwa huko hakuna anayejua kala kiasi gani. Hakuna haja ya kuvunja desturi. Mwenye kupunguza aanze na bakuli lake la mboga au supu, kisha ajiunge na wenzake tumbo likiwa limeshapata kitu.

Babati hatuna shida ya aina za mboga. Mchicha, mnafu, majani ya maboga, majani ya kunde, mgagani, mlenda, figili, kabichi, sukuma wiki, nyanya chungu na bilinganya, vyote vinajulikana. Mbaazi zinalimwa wilayani mwetu kiasi cha kuuzwa nje ya nchi, lakini nyumba nyingi zinazikumbuka siku maharage yakipanda bei tu.

Kumbuka fungu la mchicha linanywea jikoni. Sufuria iliyofurika majani mabichi inaishia kuwa bakuli dogo. Kwa familia ya watu sita, fungu moja au mawili ya genge hayatoshi kwa sahani tuliyoipiga hesabu hapo juu. Badala ya kuongeza kilo ya unga, ongeza mafungu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Sahani yetu ya pili, kwa mlo mmoja tu, imeshavuka kiasi hicho.

Chupa ya mafuta ipimwe

Sisi ni watu wa alizeti. Mafuta yake ni mazuri, yanatoka jirani, na hakuna sababu ya kuyakimbia. Lakini lita moja ya mafuta, yawe ya alizeti au mengine, ina zaidi ya kalori 8,000. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban 120.

Tatizo la jikoni ni kumimina kwa macho. Chupa inainamishwa, mafuta yanatiririka hadi kitunguu kianze kuogelea, na hakuna anayejua vimeingia vijiko vingapi. Dawa yake ni kijiko. Kwa mboga ya watu sita, vijiko vitatu vya chakula vinatosha kukaangia kitunguu na nyanya. Vikiungua, ongeza maji kidogo badala ya mafuta.

Mchemsho ni rafiki mkubwa wa anayepungua. Perege aliyechemshwa na nyanya, karoti, nyanya chungu, kabichi, ndimu na kipande cha ndizi au kiazi ni mlo kamili na haudai mafuta. Perege huyo huyo akizamishwa kwenye karai anatoka na kalori nyingi zaidi.

Karanga na parachichi vina afya, ila ni vizito kwa kalori. Kwa mzazi anayepungua, karanga za kusaga ziwe kiungo cha kijiko kimoja kwenye mboga yake, na parachichi liwe robo, si zima. Utaona hapa chini kwamba mwenye haki ya kijiko cha pili ni mtu mwingine.

Kalori za kunywa

Vinywaji vyenye sukari vinapita bila kushibisha. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya chai vya sukari, ametia mwilini gramu 48 za sukari, sawa na kalori 190. Hiyo ni kabla ya andazi.

WHO inataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50. Chai peke yake imekaribia kumaliza fungu hilo. Soda ya mililita 300 ina gramu zipatazo 30 za sukari.

Si lazima uache ghafla. Toka vijiko vitatu hadi viwili, kaa hapo wiki mbili, kisha shuka hadi kimoja. Tangawizi, mchaichai au mdalasini vinasaidia ulimi usilalamike. Na tunda lilie likiwa zima. Machungwa manne unayakamua na kuyanywa kwa dakika moja, lakini kuyatafuna yote manne si rahisi.

Sahani ya mtoto ni kinyume

Sasa turudi kwa mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Kila kilichosemwa hadi hapa ni cha mtu mzima mwenye uzito uliozidi. Kwa mtoto mdogo, kanuni ni ile ile, ila inasomwa kwa nyuma.

Tumbo la mtoto lina nafasi ya takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 9 ana tumbo la mililita 270 hivi, kiasi kisichofikia soda moja. Akijazwa maji, hakuna pa kuweka chakula.

Hapo ndipo uji mwepesi unapowaponza watoto wetu. Uji wa unga kidogo na maji mengi unaweza kuwa na kalori 40 tu kwa gramu 100, pungufu hata ya maziwa ya mama ambayo yana kati ya 65 na 70. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya anahitaji takriban kalori 200 kwa siku kutoka kwenye vyakula vya nyongeza. Kwa uji ule, angelazimika kunywa nusu lita. Uji ukiwa mzito na ukaongezwa karanga za kusaga laini, maziwa au kijiko cha chai cha mafuta, unaweza kufikia kalori 100 kwa gramu 100, na kalori zile zile 200 zinaingia kwenye mililita 200.

Kuanzia miezi 9 hadi 11 mahitaji hayo yanafika takriban kalori 300, na kuanzia mwaka mmoja hadi miwili ni 550. Kipimo rahisi cha nyumbani ni hiki: uji wa mtoto ukae kwenye kijiko, usitiririke kama chai.

Kwa hiyo, mzazi, usiku wa leo chungu kiwe kimoja. Kabla hujaongeza kitu chochote, mpakulie mtoto: ugali laini uliopondwa na maharage, mboga kidogo iliyokatwa vizuri, kijiko cha karanga za kusaga, kipande cha parachichi, yai au samaki asiye na miba. Kisha jipakulie wewe: mboga nusu sahani, maharage yale yale, ugali wa ngumi moja.

Wanafunzi wanaotembea kwenda shule na kucheza mpira jioni wale washibe, mboga ikiwemo. Kama mtoto mkubwa amenenepa kupita kiasi, usimwekee mlo wa kujinyima wala kumtania mbele ya wenzake. Ondoa soda na vitafunwa vya kukaanga kwa nyumba nzima, mwache acheze, na umpeleke kituo cha afya kwa ushauri.

Kiangazi kikifika

Wapo watakaosema mboga ni rahisi kushauri wakati wa mvua. Ni kweli. Masika majani yanaota hata pembezoni mwa njia, lakini kiangazi fungu linapungua na bei inapanda, huku unga ukibaki dukani.

Njia ya kwanza ni bustani ya gunia. Gunia la udongo na samadi lenye mawe katikati ya kupitishia maji linaweza kuota mchicha, sukuma wiki na mnafu nyuma ya nyumba ya kupanga, kwa maji yaliyooshea mboga na mchele. Ya pili ni kuchagua vinavyodumu: kabichi, boga, karoti na bilinganya vinakaa kuliko majani. Ya tatu ni kukausha majani ya kunde na mlenda kivulini wakati wa wingi, kama bibi zetu walivyofanya.

Mbegu za mboga zetu za asili si za kudharauliwa. Kituo cha Dunia cha Utafiti wa Mboga kina tawi lake Arusha na kimefanya kazi miaka mingi kuboresha mnafu, mchicha na nyanya chungu. Wakulima wa Babati nao walishiriki mradi wa Africa RISING ulioanza 2012, ambao mboga zilikuwa sehemu yake.

"Mbona umekwisha?"

Kuna kikwazo kingine ambacho hakipimwi kwa mizani. Hapa kwetu kunenepa ni sifa. Bibi harusi akirudi nyumbani baada ya mwaka akiwa na mashavu, mama mkwe anasifiwa. Mwanamume mwenye kitambi anaitwa bosi. Anayepungua anaulizwa, "Mbona umekwisha, unaumwa?"

Jiandae na jibu fupi: "Naangalia presha yangu." Inatosha. Na kwenye sherehe usibishane na anayekupakulia. Chukua sahani, anza na kachumbari, kula taratibu, shukuru.

Akina baba wana sehemu yao. Mama hawezi kupunguza mafuta kama kila jioni anasikia, "Leo chakula hakina ladha." Baba akikubali mboga nusu sahani, watoto watakubali. Mkanda uliohamia tundu la mwisho unamhusu yeye pia.

Ujue kama unahitaji kupungua

Gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, ni unene uliokithiri. Kwa mtu wa mita 1.60, hiyo ni kilo 64 na kilo 77. Kiuno nacho kinasema: hatari inaanza kuongezeka kwa mwanamke kikifika sentimita 80 na kwa mwanamume sentimita 94.

Mwendo mzuri ni nusu kilo kwa wiki au pungufu. Ongeza kutembea, safari fupi ya genge haihitaji bodaboda.

Wafuatao wasianze bila kuzungumza na mtaalamu wa afya: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari anayetumia dawa au insulini, mwenye ugonjwa wa figo, mzee anayedhoofika na mtu anayetumia dawa za kifua kikuu au VVU. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, hivyo huu si wakati wake wa kujinyima. Na mtu akipungua bila kukusudia, hiyo si bahati, ni sababu ya kwenda hospitali.

Siku moja ya kuanzia

Asubuhi: viazi vitamu viwili vidogo vya kuchemsha au uji wa dona, yai moja, chai ya tangawizi yenye kijiko kimoja cha sukari, kipande cha papai.

Mchana: makande yenye mbaazi au maharage mengi kuliko mahindi, yaliyoongezwa karoti na kabichi, na kachumbari pembeni.

Saa kumi: chungwa au kipande cha tikiti maji badala ya andazi.

Jioni: bakuli la supu ya mboga au boga, kisha mchicha nusu sahani, perege wa kuchemsha, ugali wa ngumi moja.

Usijaribu kubadilisha yote Jumatatu moja. Wiki ya kwanza pima mafuta kwa kijiko. Wiki ya pili ongeza mafungu mawili ya mboga. Wiki ya tatu punguza ugali. Wiki ya nne shusha sukari. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ile ile.

Na siku ya kliniki ya mtoto ikifika, angalia kadi yake kabla ya kuangalia sketi yako. Mstari wake ukipanda na wako ukishuka, ujue upakuaji wako uko sawa.